Neno la Bi Mashavu

Hatibu Singano aliingia Upoleni asubuhi, na kabla hajapewa hata maji ya kunywa alikuwa ameshapewa salamu za kumtosha mwaka mzima. Alifikaje huko? Hayo tuyaache. Njia ni njia, na aliyechoka amechoka. Linalotuhusu ni kwamba alikuwa mgane. Mkewe alikuwa ameshazikwa, watoto wametawanyika kila mmoja na mji wake, na nyumba yake ilikuwa kimya kiasi kwamba siku moja alijikuta anaijibu redio. Redio ilisema habari za asubuhi, naye akasema njema. Aliposikia sauti yake mwenyewe aliona aibu, akafunga mlango, akashika njia.

Kwa mtu wa namna hiyo, Upoleni palikuwa peponi. Watu wa nchi ile hawaamkii kwa kupita. Husimama, hushusha mizigo, huuliza usingizi ulikuwaje, goti linaendeleaje, na viatu vinabana au vimeshamzoea mwenyewe. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama juani akimuulizia Hatibu habari za watoto wake mmoja mmoja, na alipotajiwa majina akayarudia yote asije akayasahau. Hatibu alijibu yote. Hakuna aliyemuulizia watoto wake tangu matanga yaishe.

Serikali ya Upoleni ilimpa mwenyeji, kijana mmoja aitwaye Mbaruku, ofisa wa wageni. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka na mdomo usiojua kupumzika.

"Shikamoo, Mzee Hatibu."

"Marahaba, mwanangu."

"Utatuona watu wa ajabu kidogo, mzee wangu. Sisi huku tumeumaliza ukatili."

Hatibu alisimama. "Mmeumaliza vipi?"

"Kwa sheria. Zamani watu walikuwa wanalitamka neno hilo ovyo. Mume kamfanya nini sijui mkewe, ukatili. Mwalimu kamfanya nini mtoto, ukatili. Kila nyumba ikawa na katili wake, nchi ikachafuka jina. Wakubwa wakakaa, wakatafakari, wakaona tatizo ni neno. Wakalifunga."

"Neno linafungwaje, bwana?"

"Halitamkwi juu ya mtu mpaka Baraza lipime na kuridhika kwamba linamstahili. Na tangu sheria ipite, Baraza halijaridhika hata mara moja." Mbaruku akatabasamu. "Maana yake ukatili haupo. Kwa vitu lakini ni ruhusa, useme utakavyo."

Hilo Hatibu alilishuhudia mwenyewe sokoni. Muuza pilipili alikuwa akipiga kelele kwamba pilipili zake ni katili, katili kweli kweli, njoo uonje ulie. Vijana wawili walibishana juu ya mchezaji wa mpira wakakubaliana kwamba jamaa ni katili akiwa mbele ya goli, na hapo neno lilikuwa sifa, kwa hiyo sheria haikuwa na shida nalo. Mwanamke alimwambia shoga yake gauni lako leo katili, na shoga akageuka huku na huku kwa raha. Jua lilikuwa katili, bei zilikuwa katili, hata usingizi wa baada ya wali ulikuwa katili. Hatibu aliona neno limelambwa hata limeisha ncha.

"Na mtu akimtesa mwenzake?" akauliza.

"Hapo unasema amepitiwa. Au amezidisha kidogo. Au hasira zake ziko karibu. Maneno tunayo mengi, mzee wangu, Baraza limetugawia ya kutosha."

Walipokata kona ya barabara iendayo kisimani, Mbaruku, ambaye tangu asubuhi hakuwa amevuta pumzi, alinyamaza ghafla akaanza kutazama vidole vyake vya miguu. Na si yeye peke yake. Wapita njia wote walikuwa wameinamisha nyuso. Kwenye kibaraza cha nyumba ya pale konani, nyumba safi yenye makuti mapya, mwanamke wa makamo alikuwa akifagia. Bila ya kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu, akasema, "Habari za asubuhi?"

"Njema, dada," Hatibu akajibu. "Za hapa?"

Ufagio ukamtoka mwanamke mkononi. Akamtazama Hatibu, akatazama nyuma ya Hatibu kama kuna mtu mwingine aliyesemeshwa, kisha akakaa chini kwenye ngazi.

"Sema tena," akasema.

"Nimesema njema, dada. Naulizia na za hapa."

Mwanamke alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga akalia bila sauti. Mbaruku alimvuta Hatibu mkono wa kanzu hata walipoipita kona, ndipo ulimi wake ukarudi.

Yule, alisema, ni mngojaji. Anaitwa Mashavu. Alilitamka neno juu ya mtu bila ruhusa, na kwa sheria, mtu akilitamka, raia wote humnyamazia mpaka Baraza litoe uamuzi au yeye mwenyewe alirudishe. Si adhabu, mzee wangu asifikirie vibaya. Ni haki. Ukimsemesha mngojaji utamhurumia, na ukimhurumia utaipindisha kesi. Kwa hiyo watu humtunza tu kwa vitendo. Akienda kuteka maji, vijana wanamwezekea paa. Akiacha mahindi mlangoni kwa mwenye mashine, anakuta yameshasagwa. Hapungukiwi na kitu.

"Na huyo aliyemtaja? Mtuhumiwa?"

"Huyo masikini tunamwamkia mara mbili, asubuhi na tena asubuhi. Moyo wake umeumia."

"Amengoja tangu lini?"

Mbaruku akafikiri. "Mwanangu wa kwanza alikuwa hajaota meno. Sasa anachunga mbuzi."

Hatibu aliuliza kama sheria inamfunga na mgeni. Mbaruku, kwa shingo upande, alikiri kwamba sheria inasema raia. Mgeni yuko huru, ila si adabu. Mchana ule ule Hatibu akairudia ile kona bila adabu.

Alikuta chai imeshapikwa. Bi Mashavu alikuwa ameoga, amejifunga kanga ambayo bado ina mikunjo ya dukani, na alikuwa na hofu machoni. Mwanzo maneno yalimjia kwa shida, sauti ilikuwa imekauka, akawa anakohoa katikati ya sentensi na kuomba radhi. Kisha yakafunguka. Aliongea juu ya kuku wake, juu ya nazi iliyooza, juu ya ndoto, akaruka kutoka hili kwenda lile, na kila mara alisita kidogo kumpa Hatibu nafasi ya kuitikia. Hatibu alikuwa akiitikia. Aliijua njaa hiyo. Ilikuwa yake pia, ingawa yake ilikuwa ndogo zaidi.

Habari yenyewe ilikuja mwisho, chai imeshapoa.

"Mimi nilikuwa nimeolewa upande wa pili wa mji," akasema. "Baba yangu, Mzee Kombo, alikuwa akikaa kwa kaka yangu Makame. Baba alikuwa anakohoa, na uzee umemfikia, mkojo haumsubiri. Nikaenda kumtazama siku moja bila ya kutuma salamu mbele. Nikauliza, baba yuko wapi? Wakanionyesha banda la mbuzi."

Hatibu aliweka kikombe chini.

"Alikuwa amelala juu ya gunia, kaka. Mbuzi wameula upindo wa kikoi chake. Nikaanza kupiga kelele, yeye akanishika mkono akaniambia, usiseme kitu mwanangu, mbuzi ni wazuri." Akajifuta uso. "Nilikwenda kutafuta watu wa kumbeba. Niliporudi nao alikuwa ameshakata roho."

Matangani, alisema, watu walikuwa wakimsifu Makame kwamba alimchagulia mzee mahali penye ubaridi. Wengine walisema amepitiwa, na majonzi yamempata. Ndipo yeye akasimama katikati ya wanawake akasema huu ni ukatili, na wewe kaka ni katili. Hapo hapo matanga yakanyamaza. Hata waliokuwa wanaosha masufuria wakaacha. Na tangu wakati ule hakuna kinywa kilichomjibu.

"Na mumeo?"

"Alikaa humu humu, tunalala chumba kimoja, hasemi. Baadaye akahamia kwa mama yake. Hakuniacha. Angeniacha ingebidi aniambie."

Hatibu alimuuliza anataka nini hasa. Kaka yake afungwe?

"Afungwe anifaidie nini? Nataka liitwe jina lake. Basi. Baba yangu hakufa kwa mtu kupitiwa. Makame alikuwa akipita pale mlangoni mwa banda kila siku anakwenda kazini. Wakisema tu, mbele ya watu, kwamba aliyofanyiwa Mzee Kombo ni ukatili, nitakunja jamvi langu na kunyamaza maisha."

Tangu siku hiyo Hatibu hakukosa kwenye kibaraza kile. Walimenya mihogo pamoja, walibishana juu ya chumvi, na yeye alimsimulia juu ya mkewe, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya na kujua kwamba anaimba vibaya. Bi Mashavu alicheka, kisha akashtuka kwa kicheko chake. Watu walipita wameinamisha nyuso. Ila Mbaruku alianza kuonekana na wasiwasi, na siku moja alileta habari: Baraza litakaa. Haikuwa picha nzuri mgeni kuondoka na hadithi nusu. Tena Baraza lingependa kumsikia mgeni mwenyewe, kwao neno lile linatumikaje.

Bi Mashavu aliposikia alishikilia nguzo ya nyumba. "Watakusikiliza wewe," akasema. "Wewe wanakujibu."

Baraza lilikuwa jumba la chokaa nyeupe lenye mito ya kukalia laini kuliko yote Hatibu aliyowahi kukalia. Mwenyekiti alikuwa Bi Radhia, mama wa watu, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Alianza kwa kumwamkia kila mjumbe na familia yake, na hilo likachukua muda. Bi Mashavu aliwekwa kwenye kiti pembeni, na kwa kuwa haruhusiwi kusemeshwa, maswali yake uliulizwa ukuta uliokuwa nyuma yake.

Wajumbe wa Upoleni wamegawanyika makundi, na kila kundi lina maana yake. Watu wa Damu husema ukatili bila damu haujakamilika. Watu wa Kusudi husema damu si kitu, la muhimu ni nia. Watu wa Furaha husema nia haitoshi. Katili wa kweli lazima afurahie. Wamebishana hivyo vizazi na vizazi, na wanapendana sana.

"Damu haikuwapo," alisema mkuu wa Watu wa Damu. "Nimeuliza vizuri. Kilichoumwa ni kikoi."

"Kikoi si ngozi," wenzake wakaitikia.

Mkuu wa Watu wa Kusudi akamgeukia Makame. Makame alikuwa mwanamume mwenye uso wa upole na macho mekundu, na kila aliyeketi karibu naye alikuwa akimpapasa bega. "Bwana Makame, hujambo? Watoto hawajambo? Hebu tuambie, ulikusudia nini?"

"Usafi," Makame akasema. "Nyumba ilikuwa inanuka, na nilikuwa napokea wageni. Sikutaka baba afedheheke mbele yao."

"Alimwonea baba yake haya. Usafi na heshima," mkuu akaueleza umati. "Nani anaweza kuvikataa?"

Zamu ikawa ya Watu wa Furaha. "Ndugu yetu, ulifurahi?"

"Hata kidogo!" Machozi yalimlengalenga. "Nilikuwa silali. Dirisha langu linatazama banda. Usiku kucha nilikuwa namsikia anakohoa."

Jumba zima likaguna kwa huruma. Hatibu hakuweza kujizuia. "Ulimsikia?"

"Kila usiku."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga dirisha," Makame akasema.

"Masikini," Bi Radhia akanong'ona, na mama mmoja akampa Makame leso yake. Hatibu alimtazama Bi Mashavu. Alikuwa amefumba macho, ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

Hatimaye mgeni akaitwa. Bi Radhia alimuulizia goti na safari, akamuulizia watoto wake kwa majina, kisha akamuomba aeleze kwao neno hili watu hulitumiaje siku za kawaida.

Hatibu hakuwa msemaji. Alikuwa fundi wa vitanda maisha yake yote. Lakini alikuwa amelifikiria jambo hili njia nzima. "Kwetu hatuna vipimo," akasema. "Mtu akijua kwamba jambo linamuumiza mwenzake, na kuliacha anaweza, naye akaendelea, tunasema huo ni ukatili. Hata kama hafurahi. Hata kama halali usiku. Hata kama amefunga dirisha."

Hatibu aliona nyuso zinabadilika, na kwa muda mfupi alidhani ameshinda. Mjumbe mmoja alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekumbushwa kitu. Makame alikuwa ameshusha leso. Kisha bibi mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hata hakuwa mjumbe, akanyoosha mkono.

"Samahani, mgeni. Anajua, anaweza kuacha, na anaendelea?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa na huyu Mashavu, sisi hatujui kwamba anaumia?"

Watu wote walitazama chini, na Hatibu aliuona ule mtazamo wa kule konani, umejaa ndani ya jumba. Alielewa, akiwa amechelewa, kwamba amewapa neno pana kuliko walivyoweza kulibeba. Alikuja kumfungulia Bi Mashavu mlango, naye kaufunga kwa bega lake.

"Tunamshukuru mgeni," Bi Radhia akasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Maana ya kwao ni nzuri, lakini ni pana mno. Tukiivaa sisi, nchi nzima itaingia ndani. Wajumbe?"

Watu wa Damu, wa Kusudi na wa Furaha, kwa mara ya kwanza katika historia yao, walikuwa na kauli moja. Neno halikustahili. Aliyofanyiwa Mzee Kombo yataitwa kupitiwa kwa muda mrefu. Watu wakapongezana kwa kuwa jina hilo lilikuwa jipya, na halikumuumiza mtu.

Bi Radhia akageukia ukuta. "Mngojaji ana njia mbili. Anaweza kukata rufaa, aendelee kungoja mpaka Baraza lijalo. Au anaweza kulirudisha neno hapa hapa, naye arudishiwe salamu zake zote."

Bi Mashavu alisimama. Hatibu alijaribu kukutana naye macho, lakini yeye alikuwa akiwatazama wanawake waliokuwa upande wa pili, majirani zake, waliokuwa wamekaa mkao wa kungoja, midomo yao imeshaanza kufunguka. Walikuwa wakitaka kumwamkia. Hilo lilionekana wazi, na lilikuwa la kweli. Walikuwa wamemkosa.

"Nalirudisha," Bi Mashavu akasema.

"Hujambo, dada'ngu!" Makame ndiye aliyekuwa wa kwanza, na alikuwa analia. "Hujambo, Mashavu wetu!" Kisha jumba zima likapasuka. Habari za siku nyingi, umepungua, hao kuku wako tunawaona, mimba yangu ulikuwa huijui, mtoto ndiye huyu, mwamkie shangazi. Walimzunguka. Na Bi Mashavu alikuwa akigeuka huku na huku, sijambo, njema, sijambo kaka, akitabasamu tabasamu ambalo Hatibu hakupata kuliona kule kwenye kibaraza. Alikuwa kama mtu anayepewa maji.

Hasira zilimpanda Hatibu, na chini ya hasira palikuwa na wivu, tuseme ukweli. Alisimama juu ya mto wake laini akapiga ukelele. "Huu ni ukatili! Mzee amekufa bandani, na binti yake mmemkausha mpaka amekubali! Nyinyi nyote hapa ni makatili!"

Hakuna aliyemkemea. Nyuso ziliinama tu, moja baada ya nyingine. Mbaruku, aliyekuwa karibu naye, akaanza kutazama vidole vyake vya miguu.

Waliendelea kumtunza. Kwa Mbaruku, alikofikia, alikuta kitanda kimetandikwa, maji ya kuoga yana moto wake, wali umefunikwa. Alisema ahsante, na ahsante yake ikabaki pale juu ya meza. Alitoka barabarani akawaamkia watu aliowajua, yule mama wa ndoo, yule muuza pilipili. Mama wa ndoo alipita. Hatibu aliita majina ya watoto wake kwa sauti, mwenyewe, ili ayasikie tena yakisemwa katika nchi ile, na mama akakaza mwendo. Nyumbani kwake kimya kilikuwa cha mtu asiyekuwapo. Hiki kilikuwa cha watu waliopo, na ndicho kilichouma. Haikupita muda akajikuta anasikiliza nyayo za watu dirishani, akikisia za nani.

Alikwenda kule konani. Uwanja ulikuwa umejaa, majamvi yametandikwa, wanawake wanasuka na kusimuliana, na Bi Mashavu yuko katikati anasukwa nywele. Mumewe alikuwa amerudi. Alikuwa akipasua kuni na kuzungumza peke yake kwa furaha.

"Hujambo, Bi Mashavu?" Hatibu akasema.

Mazungumzo yakakatika. Bi Mashavu akamtazama. Midomo yake ilitikisika, na mkono wa mwanamke aliyekuwa akimsuka ukasimama kichwani pake, ukingoja. Kisha akainamisha uso pamoja na wenzake. Alijua anachokifanya. Hakuna mtu katika nchi ile aliyejua kuliko yeye. Hatibu aliondoka bila ya kumlaumu, na iliuma vile vile.

Akafunga mzigo wake. Pale langoni pa Upoleni alikuta watu wamekusanyika, kwa kuwa hawana desturi ya kumwacha mgeni aondoke peke yake. Bi Radhia alikuwapo, Makame alikuwapo, yule bibi aliyenyoosha mkono alikuwapo, na Bi Mashavu alisimama mstari wa mbele na nywele zake mpya, ameshika mfuko wa mihogo ya njiani. Wote walikuwa kimya. Mbaruku aliisogelea nguzo ya lango akaiambia, "Mgeni akilirudisha neno, ataagwa. Asipolirudisha, njia iko wazi."

Hatibu alisimama na mzigo wake begani. Kuondoka nalo kulikuwa rahisi; hakuna aliyemzuia. Lakini mbele yake palikuwa na njia ndefu, na mwisho wa njia ile nyumba, na ndani ya nyumba redio. Alimtazama Bi Mashavu. Alikuwa akilia, mikono yake imeubana mfuko, na ilionekana kwamba anataka kumwambia kitu, na kwamba hatakisema. Kulishika neno lile sasa kulikuwa kumshikilia na yeye humo humo. Nyote hapa ni makatili, alikuwa amesema, na sasa Bi Mashavu naye alikuwa mmoja wa hapa. Hatibu alitafuta namna ya kumtoa na kuwaacha wengine, hakuiona. Au labda hakuitafuta sana. Alikuwa amechoka, na alitaka mtu amwambie safari njema.

"Nalirudisha," akasema.

"Safari njema, kaka'ngu!" Sauti ya Bi Mashavu ilitangulia zote. Alimkimbilia akamtia mfuko mkononi. "Ufike salama, kaka, uwasalimie watoto, na goti lako ulikande kwa maji ya chumvi." Nyuma yake wakaitikia wote, wakubwa kwa wadogo, Makame naye, wakimwita kwa jina na kuwaita watoto wake kwa majina, hawakusahau hata mmoja. Hatibu alikwenda huku akigeuka na kupunga mkono, akigeuka tena, kifua chake kimejaa raha asiyoipata tangu mkewe alipokuwa hai.

Aliendelea kupunga mpaka sauti zikawa hazisikiki. Ndipo alipomkumbuka Mzee Kombo, na gunia, na wale mbuzi wazuri. Alisimama katikati ya njia na mfuko wake wa mihogo. Makame alikuwa amesamehewa, binti alikuwa anasukwa nywele, yeye alikuwa ameagwa vizuri, na katika nchi ile hakuna tena mtu hata mmoja aliyelishika neno la yule mzee.